Fereti wangu ananuka, ananing'ata, na mume wangu anataka tukamwachie porini

Shikamoo dada,

Samahani kwa barua ndefu, sina mwingine wa kumuuliza maana kila ninayemwambia nafuga fereti ananiuliza ndo nini hicho, nikimwelezea kwamba ni mnyama mrefu mwembamba, jamaa yake kicheche, basi anashika pua hata kabla sijamaliza.

Wangu anaitwa Kamba. Ni dume, ameshahasiwa, ana miaka minne na nusu hivi. Nilimpata miezi saba iliyopita kwa rafiki yangu aliyekuwa anahama akawa hawezi kwenda naye, akaniachia na keji yake ya ghorofa mbili na mfuko wa chakula uliokuwa umebaki. Maelezo hakunipa mengi, alisema tu mfuge kama paka, na mimi paka nimefuga tangu utotoni nikaona haina shida.

Sasa dada shida ya kwanza ni harufu. Mwanzoni ilikuwa ya kawaida tu, ila sasa hivi ukifungua mlango inakupokea. Namwogesha mara mbili kwa wiki, siku hizi hata tatu, na shampuu yetu ile ya nyumbani, namsugua vizuri kabisa, akikauka ananukia siku moja halafu inarudi mbaya kuliko mwanzo. Nishapaka hadi poda.

Shida ya pili ni meno. Akitoka kwenye keji anakunja mgongo, anatanua mkia kama brashi ya chupa, ananirukia kwa ubavu mdomo wazi huku anatoa sauti kama kuku anayeita vifaranga, kisha anashika kidole cha mguu. Mume wangu huwa anamchapa puani kwa kidole ili ajifunze lakini ndo kama anamchochea, wiki iliyopita alimng'ata mkono hadi damu, na mwezi huu meno yamezidi kuliko miezi yote.

Chakula kile cha mfuko kilipoisha nikahamia cha paka wakubwa, kile cha kawaida. Jioni nampa zabibu kavu, ndizi, kipande cha biskuti na maziwa kidogo, anavipenda mpaka anasimama kwa miguu ya nyuma. Siku hizi amekuwa mvivu kidogo, akiamka anakaa anaangalia ukuta kama dakika moja mbili, mate yanamtoka, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele kama kuna kitu kimemnasa, nimemfungua mdomo sioni kitu. Nikimpa zabibu anachangamka, nadhani ni njaa tu au uzee unaanza.

Sasa mume wangu amesema mwezi huu ukiisha kama harufu na kung'ata havijaisha tunampeleka porini tumwachie, eti ni mnyama wa porini atajitafutia. Mtoto wetu wa miaka mitano akasikia akalia usiku kucha. Dada nifanyeje na hii harufu na haya meno?

Mwenye Kamba

*

Marahaba mdogo wangu.

Umeniuliza harufu na meno na nitakujibu, lakini siwezi kuanza na hivyo. Kwenye barua yako kuna sentensi mbili umezipitia haraka katikati ya habari za zabibu na ndizi, na mimi nimezisoma mara tatu: anaangalia ukuta, mate yanamtoka, anajikwangua mdomo, ukimpa kitu kitamu anachangamka. Huo sio uzee na sio njaa ya kawaida. Hizo ni dalili za sukari ya damu kushuka, na kwa fereti mwenye miaka minne mitano sababu inayoongoza ni uvimbe kwenye kongosho unaoitwa insulinoma. Uvimbe wenyewe ni mdogo sana, mara nyingi kama punje, lakini unatoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, bila kujali mwili unahitaji au hauhitaji, basi sukari inashuka, ubongo unakosa chakula, ndo hapo anaduwaa anaangalia ukuta. Kujikwangua mdomo ni kichefuchefu. Tazama pia miguu ya nyuma akiamka, kama inalegea au anaiburuta hatua chache za kwanza, hiyo nayo ni sehemu ya mambo yaleyale.

Mimi si daktari na sijamwona Kamba, inawezekana ni kitu kingine, vidonda vya tumbo au kitu alichomeza vinaweza kuleta kichefuchefu hichohicho. Ila vyote hivyo vinahitaji daktari wa wanyama wiki hii, sio mwisho wa mwezi. Ukipiga simu uliza kabisa, mnatibu fereti? Maana yuko daktari mzuri sana wa mbwa na ng'ombe ambaye fereti hajawahi kumshika. Mwambie unataka kipimo cha sukari ya damu akiwa hajala kwa muda wa saa tatu nne hivi, lakini usimfungie chakula mwenyewe nyumbani, fereti mwenye tatizo hili akikaa na njaa anaweza kuzimia, mwache daktari apange hiyo saa yake. Kikisoma chini ya 60 mg/dL na dalili ndo hizo ulizoandika basi daktari atashuku insulinoma moja kwa moja. Tiba ipo. Wengine wanapewa dawa ya prednisolone kila siku, wengine wanaongezewa dawa ya diazoxide, wengine wanapasuliwa uvimbe unatolewa, na wapo wanaoishi vizuri mwaka na zaidi baada ya kugundulika. Usikate tamaa kabla ya kipimo.

Kabla ya kwenda, mpige video akiduwaa. Dakika moja ya video inamsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote, kwa sababu ukimfikisha pale atakuwa macho kodo, mzima kama hajawahi kuugua.

Na zabibu ziishe leo. Najua zinamchangamsha, ndo mtego wenyewe huo. Sukari inapanda ghafla, uvimbe unaona sukari unamwaga insulini nyingi zaidi, baada ya muda anashuka chini ya pale alipokuwa. Ndizi, biskuti, maziwa, vyote hivyohivyo, na maziwa juu yake yanamharisha. Kitu kitamu kinabaki kwa dharura tu: ukimkuta amelegea kabisa haamki, chukua pamba ya masikio uchovye kwenye asali au maji mazito ya sukari, mpake kwenye fizi kidogokidogo, usimmiminie mdomoni yatampalia, na kama anatetemeka degedege usiweke kidole karibu na meno yake. Akishaweza kumeza mpe chakula chenye nyama palepale, mfunge kwenye kitambaa chenye joto, halafu daktari, hata kama ni usiku.

Sasa hilo la mfuge kama paka. Rafiki yako hakukusudia ubaya, wengi huambiwa hivyo, lakini karibu kila shida uliyoniandikia imetokea hapo. Paka wako anakula mara mbili anaridhika. Fereti chakula kinapita tumboni saa tatu hadi nne kimetoka, utumbo wake ni mfupi, nyuzinyuzi na wanga hajui kuvifanyia kazi, kwa hiyo anatakiwa awe na chakula bakulini mchana na usiku, na chakula chenyewe kiwe nyama. Geuza mfuko usome nyuma: protini isipungue asilimia 35, mafuta karibu asilimia 20, na cha kwanza kwenye orodha kiwe nyama, sio mahindi, sio mchele, sio njegere. Kama chakula cha fereti hakipatikani tumia cha paka wadogo, wale watoto, kizuri chenye protini nyingi, hicho cha paka wakubwa cha kawaida mara nyingi hakifiki. Nyama tupu ya steki kila siku nayo haitoshi maana inakosa madini ya mifupa na vitu vya maini, na mfupa uliopikwa usimpe kabisa, unavunjika kama sindano. Kubadilisha ni polepole, wiki moja mpaka mbili, unachanganya kidogo kipya unapunguza cha zamani, maana fereti hushika ladha ya utotoni na anaweza kugoma kabisa, na kwa hali ya Kamba sasa hivi kugoma kula hata nusu siku ni hatari.

Haya, harufu. Mdogo wangu, acha kumwogesha.

Najua utashangaa. Harufu ya fereti haitoki kwenye uchafu, inatoka kwenye mafuta ya ngozi yake. Ukimsugua na shampuu unayaondoa yote, ngozi inakauka, mwili unaona umevuliwa nguo unaanza kutengeneza mafuta kwa kasi ili ujifunike tena, ndo maana umesema siku moja ananukia halafu inarudi mbaya kuliko mwanzo. Umeiona mwenyewe na macho yako. Ukirudia mara tatu kwa wiki ngozi haipumziki hata siku moja. Mwache miezi miwili mitatu bila kumwogesha, na ukija kumwogesha tumia shampuu ya wanyama sio yenu. Wiki mbili tatu za kwanza atanuka bado, vumilia, inapungua. Poda acha kabisa, anaivuta kifuani.

Nguvu uliyokuwa unaimalizia kwa Kamba ihamishie kwenye matandiko. Harufu nyingi inakaa kwenye kile kitambaa anacholalia, kibembea chake, blanketi lake. Fua kila wiki, hata mara mbili, bila sabuni ya manukato makali. Choo chake safisha kila siku, tumia vidonge vya karatasi, usitumie ule mchanga wa paka unaogandamana wala maranda ya paini na mwerezi, vinamsumbua pumzi. Na fereti hujisaidia kwenye kona, hiyo wala sio ukaidi wake, kwa hiyo mfuate yeye, ile kona anayorudia weka choo pale, na nyumbani weka choo zaidi ya kimoja maana haendi mbali akibanwa, ana robo saa tangu aamke na ameshamaliza. Masikio yake pia yanakusanya nta ya rangi ya kahawia yenye harufu, yafute wiki mbili mara moja. Atakayekwambia akatwe tezi za chini ya mkia harufu iishe, usimsikilize, zile hutoa harufu pale anapotishika tu na baada ya dakika chache imeisha, hazihusiani na hii ya kila siku.

Harufu haitaisha yote. Fereti ana harufu yake, kama mbuzi alivyo na yake. Mwambie mume wako ukweli huo mapema, nyumba itanuka kidogo tu, haitamkimbiza mtu mlangoni.

Kuhusu meno nikuondolee hofu moja kwanza. Ule mgongo uliokunjwa, mkia kama brashi, kurukaruka ubavuubavu na ile sauti ya kuku, hiyo ni furaha! Ni dansi yake, anakuita mcheze. Wengine wakifika hapo wanagonga hadi kabati, wanaanguka, wanainuka wanaendelea. Na fereti wakicheza wao kwa wao hushikana shingo kwa meno wakaburutana, ngozi yao pale ni nene haiumi, kwa hiyo anapokushika kidole cha mguu hajui kwamba wewe ngozi yako ni karatasi. Anafundishika. Akishika kwa nguvu mnyanyue taratibu, mkono mmoja kifuani mwingine chini ya makalio, mwambie hapana kwa sauti nzito bila kupiga kelele, mweke kwenye kiboksi chake kidogo dakika tatu nne, mtoe, mpe kitu chake cha kung'ata badala ya mguu wako. Kila mara hivyohivyo, na mume wako hivyohivyo, kwa sababu mmoja akifundisha na mwingine akichapa mnyama anashika cha kuchapwa. Pua ya fereti ndo macho yake. Anayechapwa puani anajifunza kitu kimoja tu, kwamba mkono ukija unaleta maumivu, basi anaanza kuung'ata kabla haujafika. Akiwa ameng'ang'ania usivute mkono, utachanika, mshike ile ngozi ya nyuma ya shingo umnyanyue huku umembeba chini, mara nyingi atapiga mwayo na mdomo utafunguka wenyewe.

Lakini umeandika kwamba meno yamezidi mwezi huu, na huko kuduwaa umesema ni siku hizi. Naona ni jambo moja. Mnyama ambaye kichwa kinamzunguka na tumbo linamchafuka hana uvumilivu, hata sisi hatuna. Inawezekana sukari ikitulia nusu ya kung'ata ikaondoka hata kabla ya mafunzo. Mtoto wa miaka mitano asiachwe naye peke yao hata dakika moja kwa sasa, akae chini sakafuni na mtu mzima pembeni, asimnyanyue, asimsogeze usoni.

Kuna jambo hukuuliza ila siwezi kuliacha, raba. Fereti anapenda raba kuliko kitu chochote, kandambili, vifutio, vitufe vya rimoti, sponji ya kiti. Wangu wa pili aliacha kula siku mbili, akatapika mara moja, nikadhani ni joto. Daktari alimpasua akatoa kipande cha kandambili kama ukucha wa kidole gumba, nilikitambua kwa rangi, nikarudi nyumbani nikavuta kochi nikakuta ghala zima huko nyuma, soksi nne, funguo, na kandambili ya mtoto imeliwa kisigino chote. Alipona, lakini ilikuwa bado saa chache tu. Kwa hiyo piga magoti leo uangalie sakafu kwa urefu wake yeye. Tundu lolote ambalo kichwa chake kinapita mwili wote unapita. Viti vile vya kulala vyenye vyuma vya kukunja usivikunjue kama hujui Kamba yuko wapi, na mashine ya kufulia chungulia kila mara, analala kwenye nguo chafu.

Maana kulala analala kweli, saa 14 mpaka 18 kwa siku ni kawaida yake, na usingizi wenyewe mzito, utamnyanyua amelegea kama soksi iliyolowa, kichwa kinaning'inia, moyo wako unasimama, halafu anapiga mwayo. Hiyo isikutishe. Tofauti ni hii: aliyelala usingizi mzito ana joto, fizi zake ni za waridi, na akiamka anaamka kweli. Anayeamka akabaki ameduwaa na mate, huyo ndo tunayemzungumzia.

Keji iondoe dirishani kama jua linaipiga, ikizidi nyuzi 27 anaanza kuumia, jasho hana. Na atoke nje ya keji saa nne kwa siku angalau, sio lazima mfululizo. Muulize daktari chanjo zake pia, distempa (ugonjwa wa virusi unaowapata pia mbwa) na kichaa cha mbwa, hiyo distempa ikimshika fereti karibu hakuna anayepona. Kukiwa na mtu mwenye mafua nyumbani asimbusu wala asimpumulie, mafua yetu yanawapata kabisa. Mwaka 1933 watafiti wa London walivigundua virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, na baadaye fereti mgonjwa akampigia chafya mtafiti mmoja naye akalala kitandani. Yanakwenda na kurudi.

Hili la porini sasa. Shemeji yangu huko nyumbani ana uchovu na mkono wenye jeraha, simlaumu, lakini Kamba sio mnyama wa porini. Fereti wamefugwa na watu zaidi ya miaka 2000. Amezaliwa kwenye keji, amelishwa bakulini maisha yake yote, hajui mawindo yanapatikanaje, na kwa sukari hiyo njaa ya usiku mmoja tu inaweza kummaliza amelala kwenye nyasi. Hata angekuwa mzima isingefaa: New Zealand waliwaachia fereti karne ya 19 wawawinde sungura, na mpaka leo wanahangaika nao kwa sababu waligeukia ndege wa kule wasioruka. Mkishindwa kabisa tafuteni mtu anayewajua fereti mumkabidhi mkononi, na mumwambie habari yake ya afya yote. Ila muombe mume wako miezi mitatu, sio mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ndo muda ngozi inahitaji kutulia, dawa kuonekana kama inafanya kazi, na Kamba kusahau kile kidole. Msomee hapo kwenye harufu na hapo kwenye pua, umsomee wewe mwenyewe usimtumie tu.

Fereti wa pili wa kumpa kampani, kama uliwahi kuwaza, sio sasa.

Usiku wa leo hakikisha bakuli limejaa kabla hujazima taa, na weka la pili ghorofa ya chini ya keji asilazimike kupanda akiamka amelegea. Kesho asubuhi piga simu kwa daktari. Kikishapimwa niandikie namba iliyosomeka, nataka kuijua.